Nani Ashike Muhuri? Juu ya Barua-pepe Zitumwazo Kutoka Katika Kivinjari

Katika ofisi za serikali, tangu zamani, barua haitoki mpaka ipite masijala. Mwenye kuiandika huiandika, mkubwa wake huitia saini, karani huipiga muhuri na kuiorodhesha katika daftari la barua zitokazo, kisha tarishi huichukua. Utaratibu huu umelaumiwa sana kwa uchelewaji wake, na baadhi ya lawama hizo ni za haki. Walakini umo ndani yake ulinzi ambao watu hawauoni mpaka siku utakapokosekana: muhuri haukai juu ya meza ya mapokezi, ambapo kila apitaye angeweza kuuchukua na kuupiga katika karatasi yoyote aipendayo. Hukaa ndani, katika mtoto wa meza ya karani, na ufunguo wake u mfukoni mwa karani.

Yafaa kulikumbuka jambo hili wakati huu ambapo kazi nyingi za masijala zimehamia katika kompyuta. Vyuo, hospitali, vyama vya ushirika na idara za serikali hutengenezewa programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, yaani ile programu itumikayo kufungulia kurasa za mtandao. Mwombaji wa nafasi ya masomo hujaza fomu katika simu yake. Mgonjwa huomba siku ya kuonana na daktari. Mkulima hupeleka malalamiko juu ya malipo ya korosho zake. Na karibu katika kila programu ya namna hii mwenye kazi huomba jambo lile lile: mtu akishabonyeza kitufe, barua-pepe iende. Ombi hilo huonekana dogo kupita yote, nalo huachiwa kijana mdogo kupita wote katika ofisi ya watengenezaji, aghalabu siku ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi. Kijana huyo hutafuta njia ya mkato, huipata, barua ya majaribio hufika, watu hupongezana. Muhuri umekwisha kuwekwa juu ya meza ya mapokezi.

Ili kuona kwa nini ni hivyo, hapana budi kuelewa kivinjari ni kitu gani hasa. Watu wengi hudhani kwamba ukurasa wa mtandao ni kama dirisha la ofisi: mtu husimama nje akachungulia, ilhali mambo yenyewe yamebaki ndani. Sivyo. Ukurasa unapofunguliwa, maandishi yake yote, pamoja na maagizo ya programu iliyomo, husafirishwa mpaka katika kompyuta au simu ya mtu anayeufungua, na huko ndiko yanakotekelezwa. Kila alichokiandika mtengenezaji katika maagizo hayo amekwisha kumpa mgeni nakala yake. Katika vivinjari vingi vya kompyuta za mezani yatosha kubonyeza vibonye viwili pamoja, Ctrl na U, ili maandishi ya ukurasa yaonekane. Kwa hiyo nywila ya sanduku la barua la chuo ikiandikwa humo, au ule ufunguo wa siri ambao kampuni ya kupeleka barua humpa mteja wake, haikufichwa, imegawiwa. Wako wanaoyavuruga maandishi ya programu ili yasisomeke kwa urahisi, wakaona wamepata kinga. Huko ni kuufunga muhuri kwa gazeti kabla ya kuuweka mezani. Hata asiyeweza kusoma lugha ya programu anaweza kufungua sehemu ya kivinjari inayoonyesha mawasiliano yatokayo, akauona ufunguo ukipita mbele ya macho yake.

Wanafunzi wa kompyuta hulalamika kwamba kivinjari kina upungufu, kwa sababu hakiwezi kuzungumza moja kwa moja na kompyuta za posta za mtandao. Malalamiko haya hutokana na kutoijua historia. Barua-pepe ina umri mkubwa kuliko kivinjari. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, akatumia alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jonathan Postel alichapisha kanuni za lugha ya posta hizo, ijulikanayo kwa herufi SMTP. Lugha hiyo ni nyepesi ajabu. Kompyuta inayopeleka hupiga hodi kwa neno HELO na kujitaja jina. Husema MAIL FROM na kutaja anwani ya mtumaji. Husema RCPT TO na kutaja anwani ya mpokeaji. Husema DATA, humwaga barua yenyewe, kisha huweka nukta moja peke yake katika mstari kuonyesha kwamba imemaliza. Basi. Katika kanuni zile za awali hapakuwa na mahali ambapo mtumaji anatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Kompyuta zilikuwa chache, za vyuo vikuu na maabara za utafiti, na waliozitumia walikuwa kama majirani wa mtaa mmoja. Hata hivyo, kabla ya kanuni hizo kuchapishwa, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alikuwa amekwisha kuwapelekea watu wapatao 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Walinung'unika sana. Manung'uniko hayo hayajakoma hadi leo.

Mwaka 1995 Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, alibuni lugha ya JavaScript, na tangu hapo ukurasa wa mtandao haukuwa tena karatasi ya kusomwa tu. Ukawa umebeba programu. Maana yake ni kwamba mtu afunguapo ukurasa wa mgeni asiyemjua, anamruhusu mgeni huyo kutoa maagizo ndani ya kompyuta yake. Lau maagizo hayo yangeruhusiwa kuzungumza lugha ya posta, kila afunguaye ukurasa wa mlaghai angegeuka kuwa tarishi wake bila kujua. Si hofu tupu. Mwaka 2001 Jochen Topf alieleza jinsi fomu ya kawaida ya ukurasa inavyoweza kuelekezwa kwenye kompyuta ya posta: posta ile hukataa mistari ya mwanzo isiyoielewa, kisha hutii ile ya baadaye iliyoandikwa kwa lugha yake. Hivi leo vivinjari vina orodha ya milango ya mawasiliano iliyokatazwa, na mlango namba 25, ambao ndio mlango wa posta, umo katika orodha hiyo. Kinachoitwa upungufu ni ukuta, na ulijengwa kwa makusudi.

Kwa hiyo barua inaweza kuandikwa katika kivinjari, lakini mwenye kuipeleka awe mwingine: seva, yaani kompyuta ya taasisi inayopokea maombi ya wageni na kuyahudumia. Kivinjari huipelekea seva maneno ya mtu. Seva huyakagua, huchukua ufunguo uliomo ndani yake yenyewe, na huipeleka barua. Hii ndiyo masijala. Wengi husoma mpaka hapa wakadhani shauri limekwisha. Halijakwisha, na ushahidi wake ni kisa cha FormMail, ambacho kingestahili kufundishwa katika kila darasa la kompyuta.

FormMail ilikuwa programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na Matt Wright mwaka 1995, ikatolewa bure katika hazina yake ya programu. Ilikuwa inakaa katika seva, mahali panapofaa. Ilienea mno, kwa kuwa mtu yeyote asiyejua kupanga programu aliweza kuiweka na kuanza kupokea barua kutoka katika fomu ya tovuti yake. Kosa lake lilikuwa moja: anwani ya mtu wa kupelekewa barua haikuwekwa ndani ya seva, bali katika fomu yenyewe, katika sehemu isiyoonekana machoni. Isiyoonekana machoni, lakini imo katika ukurasa. Na kilichomo katika ukurasa ni mali ya mgeni. Walaghai hawakuhitaji kuiba kitu. Waliiita programu kutoka nje, wakaitajia anwani za watu wawatakao, nayo ikatii. Programu ikapewa kinga ya kuuliza kila ombi limetoka ukurasa gani. Swali zuri, ila aliyelijibu ni kompyuta ya mgeni mwenyewe, na mgeni mwongo hujibu apendavyo. Ilipofika mwaka 2001 wapeleka barua taka walikuwa wakizunguka katika mtandao wakibisha kila mlango kutafuta nakala za FormMail zilizosahauliwa. Baadaye kundi la wataalamu wa Perl liliandika programu mbadala iliyo salama zaidi, na Wright mwenyewe, kwa uungwana ambao si wote walio nao, akawashauri watu watumie hiyo badala ya yake.

Mfano huu unaonyesha kwamba masijala yenye karani anayetii kila neno la mgeni ni hatari kama muhuri uliowekwa nje. Mgeni aruhusiwe kuleta maneno yake tu. Anwani ya mpokeaji iamuliwe na seva. Hata maneno yenyewe yakaguliwe, maana sehemu ya juu ya barua-pepe, ile yenye mtumaji, mpokeaji na kichwa cha habari, hutenganishwa kwa mistari mipya tu. Mtu akiweka mstari mpya ndani ya kichwa cha habari, kisha akaandika neno Bcc na orodha ya anwani, seva isiyo makini itaiona orodha ile kuwa amri halali na kuwapelekea nakala watu mia wasiohusika. Kukataa mistari mipya katika sehemu hiyo ni kazi ya dakika chache. Kadhalika iwekwe idadi ya barua ambazo mgeni mmoja anaweza kuomba kwa saa, na liwepo daftari la kumbukumbu. Masijala isiyo na daftari si masijala.

Ziko njia nyingine ambazo si haki kuzipuuza. Kuna kiungo cha mailto, ambacho hakipeleki barua yoyote bali huifungua programu ya barua ya mtumiaji mwenyewe ikiwa na anwani tayari. Ni njia ya kweli na isiyo na siri, lakini katika kompyuta ya kukodi kwa saa, isiyo na programu ya barua iliyoandaliwa, mtu hubonyeza na hakuna kinachotokea. Kuna pia utaratibu wa kibali uitwao OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012, ambao kwa huo mtumiaji huiruhusu programu ipeleke barua kwa jina lake mwenyewe kwa muda maalumu. Hapo hakuna muhuri wa ofisi unaotoka; mtu anatumia wake. Programu zinazomsaidia mtu kuandika barua zake binafsi zinafaa kufuata njia hiyo. Mwisho ziko kampuni zinazokodisha seva yao, zikampa mteja namba ya utambulisho ambayo haina siri, aiweke katika ukurasa. Kwa fomu ya salamu ya chama cha michezo inatosha, mradi mpokeaji na mfano wa barua vimefungwa kule kwenye kampuni. Lakini hospitali inayopitisha habari za wagonjwa wake katika mikono ya kampuni isiyoifahamu, kwa sababu tu kijana aliona uvivu wa kuandika mistari thelathini ya programu ya seva, haina udhuru.

Kuna kosa jingine ambalo hutendwa kwa nia njema kabisa. Mwombaji anapojaza fomu, mtengenezaji huona ni adabu barua ionekane imetoka kwa mwombaji, kwa hiyo huandika anwani ya mwombaji mahali pa mtumaji. Zamani barua ya namna hiyo ilipita. Siku hizi haipiti. Posta za mtandao, baada ya kuteswa na barua za kughushi kwa muda mrefu, zimejiwekea mihuri mitatu. Wa kwanza, SPF, ni orodha ambayo mwenye jina la mtandao huitangaza hadharani akitaja seva zinazoruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake. Wa pili, DKIM, ni saini ambayo seva huiweka katika kila barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi uliotangazwa. Wa tatu, DMARC, ambao maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 2015, humwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba barua yenye anwani yake isiyotoka katika seva zake ikataliwe moja kwa moja; fomu nyingi duniani zilizokuwa zikiandika anwani za Yahoo za wageni wao zikanyamaza kwa wakati mmoja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka wapelekaji wa barua nyingi wawe na mihuri yote mitatu. Kwa Google, mwingi ni yule anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail.

Njia iliyo sahihi ni nyepesi: mtumaji awe taasisi yenyewe, kwa jina lake la mtandao, na anwani ya mwombaji iwekwe katika mstari wa Reply-To, ambao humwonyesha msomaji mahali pa kupeleka jibu. Hili linataka taasisi iwe na jina lake yenyewe. Ziko ofisi na vyama vinavyoendelea kutumia anwani za bure za kampuni za nje, na jina ambalo si lako huwezi kulitangazia orodha wala kulitilia saini. Kujiandikisha chini ya .tz hakuna gharama ya kukitisha chuo.

Lakini jambo linalowaumiza watu zaidi ni lile lisiloonekana kabisa. Mwombaji hubonyeza kitufe, ukurasa humwandikia kwamba barua yake imetumwa, naye huenda zake akingojea majibu. Yamkini mtandao ulikatika dakika ile ile. Yamkini posta ya upande wa pili ilikuwa na shughuli nyingi ikajibu, kama kanuni zinavyoiruhusu, kwamba ijaribiwe baadaye. Kivinjari hakiwezi kujaribu baadaye. Mtu akiufunga ukurasa, programu imekufa. Tarehe ya mwisho hupita, na yule msichana aliyekopa fedha za kununulia bando ili aombe nafasi ya ualimu hatajua kamwe kwamba barua yake haikufika, wala chuo hakitajua kwamba aliomba. Hapana mtu wa kulaumiwa, na hilo ndilo baya zaidi.

Posta ya kweli haifanyi hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika ofisi za Environment Liaison Centre International jijini Nairobi, barua-pepe za mashirika zilikuwa zikikusanywa katika kompyuta kwa utaratibu wa FidoNet, kisha simu ikaunganishwa na kituo cha GreenNet jijini London, mzigo wote ukapita kwa mkupuo. Simu ikikatika, barua zilibaki zimehifadhiwa zikingojea nyingine. Watu wa wakati ule waliilinda kila barua kwa sababu waliujua udhaifu wa simu. Kanuni za SMTP zimebeba hekima hiyo hiyo: katika toleo la mwaka 2008, seva inashauriwa ingoje angalau dakika 30 kabla ya kurudia, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5 kupita. Seva ya taasisi iliyopangwa vizuri huliandika ombi katika hifadhi yake kwanza, ndipo ipeleke barua. Na ukurasa haumwambii mwombaji kwamba barua imetumwa, bali kwamba ombi lake limepokelewa, namba yake ni hii. Mwenye namba anaweza kudai.

Watasema baadhi kwamba haya ni mengi mno kwa ofisi ndogo yenye kijana mmoja na bajeti finyu. Ofisi hiyo hiyo, walakini, humlipa mlinzi wa usiku kulinda viti na kabati. Nywila ya sanduku la barua aghalabu ndiyo hiyo hiyo inayolifungulia kwa kusoma; anayeiokota katika ukurasa hapati uwezo wa kughushi tu, bali husoma kila barua iliyowahi kuingia humo, vyeti vya watu, namba zao za simu, magonjwa yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Hakuna sheria kati ya hizo inayosamehe kwa sababu ya njia ya mkato. Wala si haki kumtupia mzigo wote yule kijana. Vyuo vinavyofundisha wanafunzi kutengeneza kurasa nzuri katika muhula wa kwanza, na kuiacha habari ya seva mpaka mwaka wa tatu, vina sehemu yao. Na mkuu wa ofisi anayepokea kazi kwa kuangalia tu kama barua ya majaribio imefika, naye ana yake. Angeweza kuuliza swali moja zaidi: ufunguo umekaa wapi?

Na pale ambapo jibu ni kwamba umo katika ukurasa, kuufuta katika ukurasa hakutoshi. Watengenezaji huhifadhi kila toleo la programu yao, na toleo la jana bado limo katika kumbukumbu zao, pengine mahali palipo wazi kwa wote. Vivinjari vya wageni navyo huweka nakala. Ufunguo huo uhesabiwe kuwa umekwisha kupotea. Ubatilishwe kule ulikotolewa, siku hiyo hiyo, utolewe mwingine, na huo wa pili uwekwe katika seva kabla kijana hajarudi kwenye ukurasa wake.